Kutoka Kitandani Hadi Kitini

Jumatatu, 3 Februari

Wifi,

Sikuulizi hali. Hali ya humo ndani nimeshaipata, na sikuipata kwako. Nimeipata kwa mwenye duka la dawa, huyo aliye mkabala na mlango wako, ambaye nilisoma naye darasa moja. Kaka yangu ameanguka. Kaka yangu wa pekee, ambaye kiharusi kimemlaza upande wote wa kulia tangu Oktoba, ameanguka sakafuni mchana kweupe, nyusi imepasuka mpaka ikashonwa, na siku kumi na moja zimepita wewe umekaa kimya unashona sare za watoto wa watu. Siku kumi na moja! Hata kuku wa jirani akipotea watu huambizana.

Sijapiga simu kwa sababu najua umemlaza chumba cha mbele, kando ya cherehani, na hiyo simu yako inatoa sauti kuliko redio. Nikisema ninayotaka kusema atayasikia yote. Kwa hiyo tutaandikiana.

Sasa nisikilize. Nimekuwa msimamizi wa ghala miaka ishirini na saba. Makuli walioniita Winchi, kama ile mashine ya kunyanyulia mizigo, hawakuniita hivyo kwa ajili ya uzuri wa macho yangu. Mtu nikimtazama mara moja najua anabeba kilo ngapi na atazidondosha wapi. Wewe nilikutazama siku ya harusi yenu nikamwambia mama, huyu ukimwona na ndoo mbili ujue moja ni tupu. Sikusema kwa ubaya. Lakini mumeo ana kilo themanini na mbili, na wewe hata ukivaa koti lililoloa maji hufiki hamsini. Umemwangusha, na utamwangusha tena.

Nimemwandalia chumba hapa kwangu. Tarehe 10 Mei, kliniki yake ya huko ikiwa imekwisha, nitakuja na pikapu na godoro, nimchukue. Mfungie nguo zake kabla sijafika.

Dada wa mumeo

---

Jumapili, 9 Februari

Wifi,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama, mara ya pili nikakaa, mara ya tatu nikaenda kuisomea chooni ili kaka yako asinione hasira zangu.

Ndiyo, alianguka. Alinitoka mikononi. Sikukuandikia kwa sababu nilijua kabisa utasema nini, na umekisema chote, mpaka ndoo.

Lakini hilo la kumchukua, liondoe kichwani. Ebo! Mtu anahamishwa kama kabati? Miaka ishirini na tisa naishi na huyu mwanamume. Tangu ulimi umekuwa mzito amebakiwa na maneno machache, na mimi najua kwamba akikunja kidole gumba anataka maji, na akikohoa mara mbili mteja amemchosha. Wewe utayajua hayo lini? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na nitakuambia wazi, kwa kuwa barua haina haya: naogopa. Nikiamka nikute kile kitanda hakipo, sijui hata nitakaaje mbele ya hii cherehani.

Umesema mimi ni mwepesi. Kweli. Miaka thelathini na moja nimeinamia vitambaa mpaka mgongo umepinda, na mikono yangu inajua uzito wa mkasi tu. Basi nimekwenda kliniki kwa daktari wa mazoezi, mama mmoja mfupi kama mimi lakini hapingiki, nikamwambia nataka nguvu. Nilidhani ataniandikia vidonge. Akanilaza sakafuni. Akaniambia nivute kitovu ndani huku nikitoa pumzi, niinue nyonga, nizishikilie hewani nikihesabu hadi kumi. Sikufika nne. Akanipa karatasi yenye picha. Mengine anayaita pilates, mengine ni ya kunyanyua uzito wa mwili wako mwenyewe. Hakuna chuma, hakuna mashine, ni mkeka na wewe.

Nipe mpaka hiyo hiyo tarehe 10 Mei. Njoo na pikapu yako. Nitamtoa kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, mimi mwenyewe, mbele ya macho yako. Nikishindwa, mchukue. Nikiweza, urudi na godoro lako.

Mke wa kaka yako, na bado ni mke wake

---

Jumatano, 5 Machi

Wifi,

Loo! Leo nimecheka, na si kwa furaha.

Mwenye duka la dawa amenipigia. Anasema kila asubuhi akifungua duka anakuona dirishani umelala chali, miguu hewani kama mende aliyepuliziwa dawa, na kaka yangu yuko kitandani hapo hapo. Yaani mgonjwa yuko macho, anayemuuguza ndiye amelala! Jamani, mbona hii ni kali. Nimemuuliza binti wa mwenye nyumba wangu, hiyo pilates ni kitu gani, akaniambia ndiyo yale mazoezi ya wanawake wenye nafasi, wenye suruali za kubana na chupa ya maji mkononi. Umeniomba miezi mitatu ukacheze?

Ghalani kwetu mtu alipata nguvu kwa kubeba. Unabeba, unaumia, kesho unabeba tena. Makuli wangu walikuwa na migongo kama milango, na hakuna hata mmoja niliyemwona anavuta kitovu.

Hata hivyo neno lako nimelikubali, maana sitaki iwe nilikunyima nafasi. Lakini masharti naweka mimi. Utamtoa kitandani hadi kitini, kisha kitini hadi kitandani. Nitasimama hapo mlangoni nimekunja mikono. Sitaki jirani wa kukusaidia, sitaki kamba, sitaki “ngoja nipumzike kidogo”. Ukishindwa, sitaki na machozi.

Dada wa mumeo

---

Jumatano, 19 Machi

Wifi,

Mwambie rafiki yako wa dawa nimeshona pazia.

Unadhani ni kulala? Hebu funga mlango wako, weka viwiko sakafuni, nyoosha mwili wote kama ubao, usiguse chini isipokuwa kwa viwiko na vidole vya miguu, halafu unihesabie. Mimi siku ya kwanza nilifika sita nikatua kwa pua. Sasa nafika hamsini, na tumbo linatetemeka mpaka vifungo vya blauzi vinacheza. Kuinua nyonga nilikwama kwenye nne, sasa nafanya thelathini bila kupumzika. Nachuchumaa na kuinuka bila kushika kitu. Nilianza kwa kusukuma ukuta kama mwehu anayetaka kuhamisha nyumba, sasa nimeacha ukuta, nasukuma meza ya kukatia.

Karatasi ya daktari nimeibandika kwa pini ukutani, mkabala na kitanda, kwa kuwa huo ndio ukuta pekee usio na vitambaa. Nahesabu kwa sauti. Nikihesabu kimoyomoyo najiibia: moja, mbili, tano. Na juzi mleta vitambaa alifika na marobota mawili, nikayapokea mlangoni nikayaingiza ndani moja kila bega, akabaki ameshika kofia. “Mama,” ananiambia, “leo umekula nini?”

Anayenikera ni daktari mwenyewe. Kila nikimwambia nataka kumnyanyua mume wangu anajibu kitu kile kile: “Usimnyanyue. Msaidie ainuke.” Nikamwambia, mama, wewe humjui wifi yangu. Wifi yangu anataka kuona mtu ananyanyuliwa.

Lakini kinachoniuma ni kaka yako. Nikianza tu kuhesabu, anavuta blanketi mpaka kidevuni, anafumba macho, uso unamwiva. Nikimaliza anahema kama mtu aliyekasirika. Anaona aibu, ndiyo maana yake. Mke wake anagaragara sakafuni kwa umri huu. Sijamuuliza, maana akinijibu ndiyo nitalia. Mimi navunjika kwa ajili yake, yeye ananifumbia macho, na wewe unaniita mende. Nyie ni damu moja kweli kweli.

Mke wa kaka yako

---

Jumapili, 6 Aprili

Wifi,

Usinisingizie. Sikukuita mende, nimesema umelala kama mende.

Na usiandike kana kwamba nakuja kukupokonya mume. Mimi namtaka kaka yangu. Mama alipokuwa kiwandani mimi ndiye niliyembeba. Nilikuwa na miaka tisa, yeye miwili. Nilikwenda naye shuleni mgongoni, mwalimu akamkalisha chini ya meza yake, na jasho la kifua chake limenikaukia mgongoni miaka yote ya utoto wangu. Nikisema najua uzito wake usidhani najigamba.

Chumba kimeshapakwa rangi. Nimestaafu, wifi, na hakuna anayekuambia kustaafu kukoje. Naamka saa kumi na moja kwa mazoea, navaa viatu, halafu nakaa kitandani na viatu vyangu, sina pa kwenda. Akiwa hapa nitakuwa na pa kwenda. Nitakwenda chumba cha pili.

Na zile siku kumi na moja bado hujasamehewa. Kuanguka ni ajali, lakini kuficha mtu anakusudia.

Tarehe 10 nitakuwa hapo saa nne asubuhi.

Dada wa mumeo

---

Jumapili, 11 Mei

Wifi,

Umeondoka bila kuaga. Nimetoka nje nakuta pikapu inakata kona, godoro linarukaruka nyuma, na chai yako mezani haijaguswa. Hivyo ndivyo ulivyofundishwa?

Ila leo sina hasira na wewe. Leo hasira zangu zote ni za kaka yako.

Siku tisini! Siku tisini nimejitesa kwa ajili ya dakika moja. Ulikuwepo, uliniona: nimefunga mkanda, nimepanga miguu kama nilivyofundishwa, nimevuta pumzi, nimenyoosha mikono. Na yeye ananitazama kwa utulivu, na ule ulimi wake, ananiambia, “Sogea.” Sogea! Mimi! Nilidhani anakuambia wewe. Nikageuka kukutazama, kumbe ni mimi hasa.

Halafu akainua nyonga. Akajisogeza mpaka ukingoni. Mguu mzima ukashuka, ule mwingine akauvuta kwa mkono wa kushoto kama anavuta toroli, akakaa, akashika egemeo la kiti, akasimama. Wifi, alisimama! Akayumba, akajizungusha, akatua kitini jasho likimtiririka, akanitazama kama fundi aliyemaliza kazi. Moyo ulinipasuka kwa furaha na hapo hapo nikataka kumpiga kibao.

Ulipokwenda nikambana. Kumbe kila asubuhi nikihesabu, naye yuko chini ya blanketi anahesabu na mimi. Nikiinua nyonga, anainua. Nikivuta kitovu, anavuta. Ile karatasi ukutani alidhani nimembandikia yeye! “Si iko mbele ya kitanda changu?” ananiuliza. “Na wewe si ulikuwa unanionyesha?” Miezi mitatu mwanamume anafanya mazoezi hatua mbili kutoka kwangu, anaiva uso, anahema, na mimi mke wake, mjuzi wa vidole gumba, nadhani ana aibu!

Nimemnunia tangu jana. Chakula nampa, maneno simpi. Najua ni ujinga. Lakini nilitaka kukuonyesha, wifi. Maisha yangu yote mimi ni yule wa ndoo tupu, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu mwilini cha kuonyesha, na hakuna aliyekiona.

Na kitu kimoja sielewi. Alipoyumba nilikuona ukinyoosha mikono kumdaka. Halafu ukasita katikati, ukashika fremu ya mlango, ukatoka. Ulichukia kwamba hatakuja kwako? Basi ungesema. Wewe hukosi maneno.

Mke wa kaka yako

---

Alhamisi, 15 Mei

Dada,

Huu ni mwandiko wa mkono wa kushoto. Ukiucheka naacha hapa hapa.

Barua zenu nimezisoma zote. Mke wangu anazificha kwenye droo ya cherehani, na droo iko upande wangu mzima. Akienda bombani nasoma. Zake naye huanza kuziandika, anaziacha humo, anamaliza kesho. Nazo nasoma.

Miezi mitatu mnaandikiana habari zangu. Kilo zangu. Nani ataninyanyua. Nani atanibeba. Nani ana haki na mimi. Hakuna hata mmoja aliyeandika, hebu tumuulize. Kiharusi kimechukua mkono na mguu, akili kimeniachia. Mimi si robota la kitambaa. Nimekasirika, dada, na ulimi wangu haufai tena kwa hasira, kwa hiyo naitoa hapa.

Sasa pokea la kweli. Hakuniangusha. Siku ile alikuwa barazani anampima mteja. Nilitaka kwenda chooni kwa miguu yangu. Sikumwita. Nilipiga hatua moja.

Nilimwomba asikuambie. Nilijua utasema nimerudi kuwa mtoto wako. Akasema, basi likijulikana nitasema ulinitoka mikononi. Nikakubali. Halafu nikasoma unavyomshambulia kwa kosa langu, barua baada ya barua, nikafunga droo nikanyamaza. Aibu yangu ni hiyo. Kiharusi si aibu.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, kwa hiyo usinipe pole. Mwombe radhi yeye.

Siji kwako, dada. Nakupenda sana, na siji. Wewe njoo ukae nasi mwezi mzima ukitaka, ila usije kunibeba.

Mkono umechoka. Ukurasa huu umenichukua siku mbili.

Kaka yako

---

Jumatatu, 2 Juni

Wifi,

Wiki mbili nina hasira na sijui nimshushie nani, kwa hiyo zinakuja kwako.

Una koo la namna gani wewe? Nimekuita mwangushaji, nimekuita mfichaji, na wewe unameza tu! Neno moja lingetosha. “Wifi, sikuwepo.” Maneno mawili! Na yule naye amelala hapo anasoma barua zangu kama gazeti. Nyumba gani hiyo, ambamo kila mtu anamfichia mwenzake na wote mnalala chumba kimoja?

Unisamehe. Nimeliandika mara moja na sitalirudia, kwa hiyo lisome vizuri.

Umeuliza kwa nini nilitoka. Sikuchukia. Alipoyumba nilinyoosha mikono nimdake, na mgongo ukagoma. Ulinikata hapa kiunoni kama umeshikwa na koleo, mikono ikasimama nusu ya njia, na yeye bado anayumba. Na si mara ya kwanza. Huu ni mwaka wa pili sijainua ndoo ya maji kutoka chini. Nachota kwa kopo. Lile godoro alilipakia dereva, nami nikasimama pembeni natoa amri kama zamani. Sijamwambia mtu. Hata mimi mwenyewe sikujiambia, nilisema ni uvivu wa kustaafu, kaka akifika nguvu zitarudi.

Pale mlangoni niliangalia huku na huku nani atamdaka. Nikakuona. Umekunja magoti, mgongo umenyooka, tumbo limekaza, macho yako kwenye goti lake, na hukumgusa kwa sababu alikuwa hajakuhitaji. Nimesimamia wabebaji miaka ishirini na saba. Najua mtu aliye tayari anavyosimama. Usiniambie tena kwamba hakuna aliyekuona.

Nilitoka kwa sababu nilikuwa nafanya hesabu yangu, na ilinitisha. Kama angekubali kupanda ile pikapu, ningemwangusha. Nisingemaliza hata wiki. Na wewe ungekuwa huko mbali na cherehani yako, unanipigia simu kila jioni kuniuliza anaendeleaje, na mimi ningekujibu, hajambo.

Wifi yako